Hesabu meno kabla ya kulipia mkasi wa kupunguza nywele

Wenzangu wa saluni hapa Kisumu, mkienda kununua mkasi wa meno msitazame mng'aro wala rangi ya mpini: hesabuni meno. Meno 30 hadi 40, membamba na yaliyosongamana, huondoa nywele kidogo kidogo, kwa hiyo hata ukifunga mkasi mara mbili tatu hakuna mstari unaobaki. Meno 7 hadi 15, mapana, hukata fungu zima. Yanafaa wigi nzito, lakini kosea mara moja tu na umeacha ngazi kisogoni. Juzi nimeiona moja Kondele, ikabidi wigi yote ifupishwe. Kama unanunua mmoja tu, chukua wa meno 30.

Halafu beba tishu. Ilowanishe kidogo, ikate polepole mpaka nchani mwa mkasi. Ikikatika safi, lipa. Ikikunjika au kunasa kati ya meno, mkasi huo utamvuta mteja nywele, na atalia.

Kwa nywele fupi za kipilipili ambazo hazijanyooshwa, kuhesabu meno hakusaidii sana: zimejikunja, mkasi hauzishiki sawasawa. Hapo tumia mashine ya kunyolea.