SOMO: Kusanifu haidrojeli ya PEG ya kuoteshea tishu, hatua kwa hatua

Wakuu, ujumbe ninaopokea ni ule ule: "jeli yangu imebaki maji", "imeganda mabonge mabonge", "seli ziko hai lakini zimekaa duara". Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naweka yote hapa. Haidrojeli ni wavu wa polima uliojaa maji, na hapa tunafungia seli ndani yake. Ukiuliza jambo ambalo limo humu nitakutajia namba ya hatua, basi.

Kwa nini polima ya kutengenezwa na siyo kolajeni au Matrigel, zile jeli za protini za asili? Hizo zinafanya kazi, sikatai. Lakini Matrigel inatokana na uvimbe wa saratani ya panya, na kila toleo lina mchanganyiko wake wa protini. Seli zikibadilika tabia, huwezi kusema ni kipi kilichozibadilisha. PEG, yaani polietileni glaikoli, haina pa kushikwa na seli, na protini haziing'ang'anii. Kila ishara inayofika kwenye seli umeiweka wewe, kwa kiwango unachokijua. Mimi hilo ndilo linalonivuta kwenye kazi hii.

Hatua ya 1: Anza na seli, polima baadaye. Andika kwenye karatasi: seli gani, ya tishu gani, na unataka ifanye nini (itambae, igawanyike, itoe matriksi yake, yaani nyuzi za kuizunguka?). Ugumu wa jeli unatokana na majibu hayo. Watu wengi wananukuu kazi ya Engler na wenzake ya mwaka 2006: seli shina za uboho zilielekea upande wa neva kwenye jeli ya chini ya kPa 1 (kilopaskali, kipimo cha ugumu), upande wa misuli kwenye kPa 8 hadi 17, na upande wa mfupa kwenye kPa 25 hadi 40. Ni kazi nzuri, lakini seli zile zilikaa JUU ya jeli. Ukizifungia seli NDANI ya jeli ya kPa 40 umezijengea gereza. Kwa seli za ndani mimi huanza chini ya kPa 5.

Hatua ya 2: Polima. PEG ya mikono minne, masi 20,000, kila ncha ikiwa na maleimidi, kikundi cha kemikali cha kuungia. Inaungana na thioli (kikundi cha salfa na haidrojeni) bila mwanga wala kichocheo.

Hatua ya 3: Peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, kila herufi ikiwa asidi amino moja. Unahitaji mbili. Ya kwanza ni ya kushikia: RGD, kipande kilichotambuliwa na Pierschbacher na Ruoslahti mwaka 1984 kwenye fibronektini. Iagize ikiwa na sisteini moja, asidi amino yenye thioli. Ya pili ni kiunganishi chenye sisteini kila upande na katikati GPQGIWGQ, ambayo vimeng'enya vya seli (MMP) huikata kati ya G na I. Agiza pia RDG, yaani herufi zile zile zikiwa zimevurugwa, kwa ajili ya ulinganisho. Bila hiyo hutathibitisha kwamba seli zimeshika RGD.

Hatua ya 4: Hesabu ya mikono. Hapa ndipo jeli nyingi zinapofia, kwa hiyo soma polepole.

PEG miligramu 50 kwa mililita ni milimoli 2.5 za molekuli kwa lita. Mara mikono minne, una maleimidi milimoli 10. RGD milimoli 1 inachukua ncha milimoli 1, zinabaki 9. Kiunganishi kina thioli mbili, kwa hiyo kinatakiwa milimoli 4.5. GCRDGPQGIWGQDRCG ina masi ya takriban 1,705, hivyo ni miligramu 7.7 kwa kila mililita ya jeli.

Wengi wanapima 7.7 kwenye mizani na kuendelea. USIFANYE HIVYO. Unga uliotumiwa siyo peptidi tupu: ndani kuna chumvi ya asidi ya trifluoroasetiki na maji. Cheti kinataja kiasi halisi cha peptidi. Kikisema asilimia 80, unapima 9.6. Usichanganye kiasi hicho na usafi. Peptidi inaweza kuwa safi kwa asilimia 98 na bado robo ya unga ikawa chumvi.

Hata baada ya hapo usiamini. Thioli zikipata hewa zinaungana zenyewe kwa zenyewe kuwa daisalfaidi, na iliyoungana hivyo haishiki maleimidi tena. Pima thioli huru kwa njia ya Ellman, kipimo cha rangi, kila unapoyeyusha: mwanga wa nanomita 412, kigezo cha ufyonzaji 14,150. Ukisoma 0.566 kwenye kuveti ya sentimita 1, una mikromoli 40 kwa lita. Zidisha kwa kiasi ulichozimua. Kiwango cha kiunganishi kitokane na namba hiyo, siyo na lebo ya chupa. Na usidhani kuongeza kiunganishi kupita hesabu kunaimarisha jeli: kila ncha ya PEG itapata peptidi yake peke yake, upande wa pili utabaki unaning'inia, na jeli italegea.

Maleimidi nayo hufa ndani ya maji, hasa pH ikipita 7.5. Hifadhi unga mkavu kwenye friza ya nyuzi −20, uache ufike joto la chumba kabla ya kufungua chupa, na uyeyushe siku ile ile ya kazi. Ukitumia TCEP kuvunja daisalfaidi, iondoe kabla ya kuchanganya, kwani yenyewe inakula maleimidi.

Hatua ya 5: pH. Chumvi ile ya asidi inashusha pH ya kiunganishi kuliko unavyodhani. Pima baada ya kuyeyusha na urekebishe kwa matone madogo. Kinachoshambulia maleimidi ni thioli iliyopoteza protoni. Thioli ya sisteini huipoteza karibu na pH 8.3, hivyo ukishuka hatua moja ya pH mwendo unapungua takriban mara kumi. Kwenye 7.4 jeli inaganda ndani ya sekunde, kabla hujamaliza kuchanganya, na hayo ndiyo mabonge yenu. Shusha hadi 6 au 6.5, au punguza nguvu ya bafa (myeyusho unaoshikilia pH).

Hatua ya 6: Chuja. Mikromita 0.22. Hakuna kupika kwa mvuke.

Hatua ya 7: Changanya kwa mpangilio huu. PEG na RGD kwanza, nusu saa. Kisha seli, zikiwa kwenye bafa isiyo na seramu, maana albumini ina thioli yake na itakunyang'anya ncha. Kiunganishi mwisho kabisa. Tone liwe dogo, mikrolita 10 hadi 20. Oksijeni haifiki mbali, na jeli nene yenye seli nyingi hufia katikati.

Hatua ya 8: Pima ikiwa imefura. Iache kwenye bafa saa 24, ndipo upime ugumu. Jeli ikifura inalegea, na seli zitaishi kwenye iliyofura. Reomita (mashine ya kupima ugumu kwa kusokota): hetzi 1, mkunjo asilimia 1. Kumbuka reomita inakupa G, ugumu wa kusokota. E, ugumu wa kuvuta au kubana, ni takriban mara tatu yake. Msilinganishe G yenu na E ya mtu mwingine.

---

MASWALI

tone_moja: Mkuu asante kwa somo. Yangu haigandi kabisa, nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 4. Umepima thioli?

tone_moja: Hapana, ila peptidi ni mpya, imefika juzi.

Mwandishi: Mpya siyo kipimo. Pima, kisha urudi na namba.

KijanaWaMaabara: Naweza kusterilaizi PEG kwenye otokilevu? Chujio zimeniishia.

Mwandishi: Hatua ya 6. Agiza chujio.

bi_hadubini: Mwalimu, naomba kuelewa. Nilipandisha RGD hadi milimoli 5 nikidhani seli zitashika vizuri. Thioli nilipima kwa Ellman, hesabu ikakaa sawa, lakini jeli ikawa uji. Kwa nini, ikiwa uwiano ni sahihi?

Mwandishi: Dada, umefanya kazi yako, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu. Uwiano wako uko sawa. Tatizo ni idadi ya mikono iliyobaki kwa kila molekuli. RGD imechukua nusu ya ncha, na inazichukua bila mpangilio. Ukipiga hesabu ya bahati nasibu, molekuli zilizobaki na mikono mitatu au minne ni 5 kati ya 16 tu. Zenye miwili zinarefusha mnyororo bila kujenga fundo, yenye mmoja inafunga mnyororo, na isiyo na hata mmoja inaoshwa. Kwa RGD milimoli 1, asilimia 95 zinabaki na mitatu au minne. Ukihitaji RGD nyingi, hamia PEG ya mikono minane yenye masi 40,000. Kwa miligramu 50 zile zile unapata maleimidi milimoli 10, na hata nusu ikichukuliwa kila molekuli inabaki na wastani wa mikono minne.

bi_hadubini: Nimeelewa. Kwa hiyo hata bila RGD nyingi, ncha zikifa kwenye maji ni jambo lile lile?

Mwandishi: Hasa. Na lina mpaka wake: kwa mikono minne na kiunganishi cha ncha mbili, hesabu ya Flory na Stockmayer inasema wavu unaanza kushikana pale takriban asilimia 58 ya ncha zinapoungana. Chini ya hapo una uji mzito, hata ukiusubiri usiku kucha.

mpinzani_halisi: Unasifia maleimidi, lakini kiungo chake na thioli kinaweza kurudi nyuma na kuhamia kwenye glutathioni, thioli ya mwili wenyewe. Mbona hukusema? Watu wa norbonini, kikundi kinachoungana na thioli kwa mwanga, wamekuacha mbali.

Mwandishi: Sikusema kwa sababu somo ni la anayeganda jeli kwa mara ya kwanza, siyo mapitio ya kemia yote. Kubadilishana kupo, ni kweli, na pete ya saksinimidi (maleimidi ikishaungana na thioli) ikifunguka kwa maji kiungo kinatulia. Kwenye jeli ambayo nimeisanifu seli ziikate zenyewe, bado nakubali biashara hiyo. Norbonini na LAP (kianzishi cha mwanga) kwa mwanga wa nanomita 365 au 405 ni njia nzuri, hasa ukitaka kuchora ugumu tofauti sehemu tofauti. Lakini inaleta radikali karibu na seli na inadai taa iliyopimwa. Mwenye taa hiyo atumie.

mpinzani_halisi: Sawa, hapo umejibu.

Rafiki_wa_seli: Seli zangu za fibroblasti ni hai kwa kalseini (rangi ya seli hai) siku ya saba, ila duara kama zilivyoingia. RGD ipo. Kiunganishi nilitumia DTT, molekuli ndogo yenye thioli mbili, kwa sababu ya bei.

Mwandishi: DTT haikatwi na kimeng'enya. Matundu ya wavu huu ni nanomita kadhaa hadi makumi, seli ina mikromita 10 na zaidi. Haiwezi kupenya, lazima ikate njia. Usiitupe hiyo DTT lakini, ndiyo ulinganisho wako mzuri: ugumu ule ule, RGD ile ile, isiyokatika. Zikinyooka kwenye GPQGIWGQ na kubaki duara kwenye DTT, umethibitisha kwamba zinapita kwa kukata.

fundi_wa_tone: Naongeza dogo. Seli zangu zilikuwa zinazama chini kabla jeli haijashika, zote zinajaa sakafuni. Siku hizi tone likishatulia nageuza sahani juu chini kila baada ya muda mfupi hadi ligande. Zinasambaa vizuri.

Mwandishi: Safi sana. Na pH ya chini inayochelewesha kuganda ndiyo inayozipa nafasi ya kuzama, kwa hiyo hayo mawili yaende pamoja. Usishuke pH kuliko unavyohitaji kuchanganya vizuri.

bi_hadubini: Mie matone yananing'ang'ania kioo, nikiyatoa yanachanika.

fundi_wa_tone: Paka kioo saileni ya kufukuza maji, au gandisha juu ya parafilm. Kwa reomita, weka slaidi mbili na silikoni ya milimita 1 katikati, unapata diski isiyo na nundu.

Rafiki_wa_seli: Na kingamwili za rangi? Ndani naona giza, pembeni pamewaka.

Mwandishi: Kingamwili ina takriban nanomita 10, inasuguana na wavu wako. Ipe usiku mzima kwenye baridi kuingia, na kuosha nako usiku mzima, ukibadilisha bafa mara kadhaa. Kabla ya hapo kata jeli nyembamba. Ukishindwa kabisa, anza na faloidini na DAPI, rangi za kiunzi cha seli na kiini. Ni molekuli ndogo, zinafika katikati siku hiyo hiyo na zitakuonyesha kama seli zimenyooka.

tone_moja: Nimerudi. Ellman inasema thioli huru ni asilimia 55 ya nilichotarajia.

Mwandishi: Asante kwa kupima. Cheti kinasema peptidi halisi ni asilimia ngapi, na kabla ya kupima ulikuwa umeiyeyusha kwa muda gani?

tone_moja: Asilimia 76. Niliiyeyusha wiki iliyopita, iko kwenye friji.

Mwandishi: Basi una sababu mbili: asilimia 24 ilikuwa chumvi na maji tangu mwanzo, na sehemu nyingine imeungana kuwa daisalfaidi humo kwenye friji. Usiipandishe kiwango iliyoharibika. Yeyusha mpya, igawe kwenye vichupa vya matumizi moja, ikaushe kwa baridi, na uweke −20. Kisha Ellman tena kabla ya kugusa PEG.