Kabla mzee hajahamia anakolelewa: ya kuweka sawa kwa mwenzi anayebaki

Huku Mwanza ni nadra mzee aliyepoteza kumbukumbu kupelekwa kwenye jengo lenye kibao getini. Mara nyingi anahamia kwa binti yake Usagara, kwa mdogo wake Sengerema, au kwenye vyumba viwili vya kupanga Buswelu alikowekewa mlezi wa kulipwa kwa mwezi. Vituo vya watu wa dini vipo, ila vichache. Serikali nayo ina makazi ya wazee Bukumbi, wilayani Misungwi, lakini yale ni ya wazee wasiojiweza wasio na wa kuwatunza, na njia ya kuingia ni ofisi ya ustawi wa jamii. Familia yenye mke na watoto wazima isiweke matumaini yake huko.

Popote anapokwenda, maandalizi yote huwa ni ya kwake: godoro la kufutika, pampasi za watu wazima, mfuko wa dawa. Anayebaki nyumbani anaachwa ajipange baadaye, na hapo ndipo mambo hukwama, kwa sababu nusu ya maisha yenu ilikuwa kwenye jina lake, simu yake na kichwa chake. Mimi ningeanza na swali moja: ni jambo gani haliwezi kufanyika bila yeye kuelewa, au bila kidole chake? Hilo lifanyike kabla hajahama, tena asubuhi, maana wagonjwa wengi wa namna hii huchanganyikiwa zaidi jua linapoelekea kuzama. Masufuria na mapazia yatasubiri.

Awe ameonwa na daktari kwanza. Kusahau kunaweza kuletwa na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya siku nyingi, VVU, sonona, hata mchanganyiko wa dawa anazomeza, na baadhi ya hayo yanatibika. Aliyebadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu huenda ana malaria au maambukizi kwenye njia ya mkojo. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, si wa kuhamishiwa kwa binti yake.

Baada ya daktari, simu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo namba ya siri ya pesa za simu ikishamtoka kichwani, kuibadilisha kunamtaka yeye na kitambulisho chake. Waambie wapangaji, wanachama wa kikoba na mteja anayedaiwa mbuzi kwamba kuanzia mwezi ujao pesa zinaingia kwenye namba yako. Namba ya mita ya umeme ya LUKU na ya akaunti ya maji ziandikwe kwenye daftari, zisikae kwenye simu ya mtu anayeificha simu hiyo chini ya kuku anayeatamia. Kama ni mstaafu, kumbuka wastaafu hufanyiwa uhakiki, na asiyehakikiwa hujikuta pensheni imesimama. Uliza mfuko wake mapema wanahakiki vipi mtu asiyeweza kujieleza, na nani ataifanya kazi hiyo huko anakohamia.

Nyumba na kiwanja ndipo pagumu, nami sioni aibu kukaa hapa kwa muda. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ni kinga nzuri, ila mwenzako akipoteza uwezo wa kuridhia, kinga ile ile inakuwa kufuli: hata ukitaka kupangisha vyumba vya mbele ili kumlipa mlezi, wa kukubali hayupo kiakili. Wengi hukimbilia hati ya uwakilishi kwa wakili, ile inayokuruhusu kutenda kwa niaba yake. Inafaa, mradi aisaini akiwa bado anaelewa anachosaini, na mjue ina mpaka wake, kwani kwa Sheria ya Mikataba uwakala hufikia mwisho pale aliyekutuma anapopoteza akili timamu. Kwa jambo kubwa kama kuuza shamba, njia iliyo salama ni mahakama kumteua msimamizi wa mali yake, jambo ambalo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imelipa nafasi. Mwone wakili kabla, mkiwa wawili.

Na dole gumba, jamani. Mzee anayesahau jina la mjukuu bado anaweza kukandamizwa kidole kwenye karatasi ya mauziano, na mara nyingi anayeshika mkono ule si mgeni. Mkataba wa mtu asiye na akili timamu haushiki kisheria, lakini kuuvunja ni miaka ya kesi. Hati halisi ya nyumba au kiwanja isihame naye. Nakala iende kwa mwenyekiti wa mtaa, na majirani wa kiwanjani waambiwe wazi kwamba hakuna kinachouzwa.

Kikao cha ukoo kifanyike kabla ya gari kuja, si baada. Mawifi na mashemeji wakisikia mzee amehamishwa bila wao, neno litakalotembea ni kwamba umemtupa, na utalikuta kanisani, sokoni Kirumba, hata msibani. Wakae, waulizwe: kama si hivi, nani atamchukua? Kimya kitakachofuata kina manufaa yake. Kisha iandikwe nani anatoa nini kila mwezi, na kwenye namba ipi, maana ahadi za kikao huwa nono mwezi wa kwanza na kukonda mwezi wa tatu. Hapo hapo muulizane suala la mazishi: kijijini kwao au hapa mjini. Yeye mwenyewe akiweza kusema, aseme mbele ya wote. Kulijadili siku yenyewe, jeneza likiwa njiani, ni ugomvi.

Mlezi achaguliwe kwa lugha pia. Ugonjwa unapoendelea, wengi hubaki na lugha ya utotoni, na mzee aliyezungumza Kiswahili cha ofisini miaka yote anaweza kurudi kwenye Kisukuma, Kikerewe au Kijita peke yake. Mlezi asiyejua kuitikia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, atamwona mkaidi. Mwandikie ukurasa mmoja: anaitwaje akiwa na hasira na akiwa na raha, anaogopa nini, anapenda michembe au matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), anakunywa chai saa ngapi. Kuhusu chakula, koo husahau kazi yake kadiri ugonjwa unavyosonga mbele. Sato achambuliwe miiba yote, na ugali ulainishwe kwa mchuzi.

Amueni pia jibu moja. Atauliza kaka yake yuko wapi, naye kaka alizikwa zamani. Ukimwambia amekufa, analia kama ndiyo kwanza anasikia, na kesho anauliza tena. Wapo wanaoona kumficha ni uongo na dhambi. Mimi nasema kumzikia mtu ndugu yake kila siku ni ukatili. "Nisimulie kuhusu kaka yako" linatosha. La muhimu ni nyote mjibu hivyo hivyo, kuanzia mlezi hadi mjukuu.

Kama anayehama ni bibi, liko jambo la Usukumani lisilofaa kuzungukwa. Kanda hii ina historia ya vikongwe kuuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na samadi tu. Sasa mfikirie mwanamke wa miaka 78, mgeni mtaani, anatoka usiku wa manane, nguo nusu, anasimama mlangoni kwa watu akimwita mama yake. Mwenyekiti wa mtaa na nyumba za jirani waambiwe kabla hajalala usiku wa kwanza, kwa maneno mepesi: huyu ni mgonjwa, ubongo wake umeumwa, mkimkuta nje pigeni namba hii. Mlango uwe na komeo asilolifikia kirahisi ila mlezi alifungue haraka moto ukizuka. Kama nyumba iko karibu na ziwa, kule Luchelele au Igombe, au juu ya miamba kama Mabatini na Bugarika, nenda ukaone jioni kwa macho yako njia inashuka wapi.

Kwenda kumwona kupangiwe siku na nauli. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wa upande wa Sengerema hawangoji tena kivuko pale, na kutoka mjini bado kuna kivuko cha Kamanga. Nenda asubuhi, kaa kwa muda mfupi, uwe na kitu cha kufanya naye mkononi: kupukuchua mahindi, kukata kucha. Akisema anataka kwenda nyumbani, usibishane kwamba hapa ndipo nyumbani. Mtembeze uani, muulize nyumbani kwao kulikuwa na miti gani. Ondoka chakula kinapoletwa. Siku nyingine atakuita mama, au atakuwa amemshika mkono mgonjwa mwingine akimwita mke wake. Inauma, na hakuna maandalizi yanayoizuia isiume. Walau sasa huisikii kwa mara ya kwanza pale pale.

Nyumbani kwako mambo ni madogo madogo, nitayapitia upesi. Nunua sufuria dogo, la sivyo utakula kiporo cha ugali wiki nzima. Tafuta mjukuu au mpangaji wa kulala nyumba ile miezi ya mwanzo. Usiache jumuiya wala kikoba kwa kuogopa maswali. Na wewe unayemeza dawa za presha, rudi kliniki; wengi waliouguza hugundua wameruka tarehe zao nyingi.

La mwisho kwenye daftari ni nani atapigiwa simu usiku. Wawe watu wawili, na mmoja akae karibu na mgonjwa kuliko wewe, awe na nakala ya kadi yake ya bima na orodha ya dawa, na akubalike na ndugu wote kutia saini hospitali. Ukiwa Nyakato na yeye yuko Sengerema, wewe huenda ukafika kumeshakucha.