Kutengeneza bolti ya M10 yenye uzi wa 1.25 kwenye leithi (mashine ya kukereza) ndogo

Bolti ya M10 (kipenyo cha milimita 10) inayopatikana kila duka la vifaa ina uzi wa hatua ya 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka jino hadi jino. Magari na pikipiki za Kijapani hutumia sana 1.25. Ukilazimisha ya 1.5 kwenye tundu la 1.25, itazunguka kidogo, itakaza, kisha italiharibu tundu lenyewe. Basi pima kwanza kwa geji ya uzi. Kama huna, weka rula kwenye bolti ya zamani: hatua 8 za 1.25 ni milimita 10 kamili.

Kwa bolti ya urefu wa milimita 40, chukua chuma laini cha pembe sita, upana wa milimita 14, ili spana ya 14 iikamate. Kata kipande cha 75. Usitumie nondo, ugumu wake hautabiriki na inaweza kuvunja meno ya dai, kifaa cha kukatia uzi.

Funga kipande, milimita 50 zitokeze nje. Toboa senta, yaani kishimo cha katikati, kwenye ncha ya mbele na uishikilie kwa senta ya nyuma, ile ncha kali ya upande wa pili wa leithi. Bila senta chuma hukwepa kisu, na ncha hubaki nene kuliko shina. Endesha mizunguko 500 hivi kwa dakika. Vaa miwani, glovu usivae kabisa mbele ya mashine inayozunguka.

Sasa kipimo chenyewe, ambacho ndicho huamua uzi utatoka vipi. Usikereze hadi 10. Fika 9.85, upime sehemu tatu. Dai husukuma chuma kidogo kuelekea juu ya jino, kwa hiyo fimbo ya 10 kamili hukaba, hupata joto na jino huchanika. Ukishuka chini ya 9.75, meno yanakuwa mafupi na bolti haishiki vizuri. Chini ya kichwa acha kona ya mviringo kidogo, nusu milimita hivi, kwa sababu kona kali ndipo bolti huanzia kupasuka. Ncha ikate mshazari hadi kipenyo kishuke 8.4, dai ipate pa kuingilia.

Zima mashine. Uzi huu ukate kwa mkono. Upande wa dai wenye maandishi ndio utangulie. Sukuma mgongo wa mkono wa dai kwa sehemu ya nyuma ya leithi ili ikae wima. Ikiingia kwa kuinama, uzi wote utapinda, na nati itakaza upande mmoja tu. Paka mafuta ya kukatia, zungusha nusu mzunguko, rudisha robo ili mabaki yakatike.

Dai yenye mpasuko ifungue kwanza kwa skrubu ya kati, ukate pasi ya kwanza, kisha legeza skrubu hiyo na ukaze zile za pembeni kidogo kidogo. Jaribu nati kabla hujaitoa bolti mashineni: iingie kwa vidole bila kuchezacheza. Ukishaifungua, kuirudisha mahali palepale ni kazi ngumu.

Mwisho kata kichwa, ukiacha milimita 7, na ulainishe kingo kwa tupa.

Chuma laini huvumilia takribani nusu ya nguvu ya bolti ya daraja 8.8, daraja la bolti imara za kiwandani. Itumie kwenye kava, mabano na kinga za mnyororo. Kwenye breki, usukani na magurudumu, nunua bolti ya kiwandani.