Kresendo inayosikika kweli kwenye MuseScore: mwongozo kwa walimu wa kwaya

Juni 3 inapokaribia na watu wakijiandaa kwenda kuhiji Namugongo kwa Siku ya Mashahidi wa Uganda, walimu wa kwaya huku Uganda hutumiana nota na sauti za mazoezi kwa WhatsApp. Mwalimu mwenzangu wa Arua alinitumia faili la wimbo wa Kiswahili na malalamiko juu: "Kaka, kresendo nimeiandika, naiona kwa macho, lakini wimbo ukicheza hakuna kinachopanda." Kresendo ni pale sauti inapokua taratibu. Nilimwelekeza kwa simu, na haya ndiyo tuliyoyafanya. Msilichukulie kama jambo dogo. Wanakwaya wengi wanaimba walichosikia kwenye simu, si kilichoandikwa kwenye karatasi. Ukiwatumia sauti bapa, mazoezini watakurudishia wimbo bapa.

Natumia MuseScore 4, programu ya kompyuta ya kuandika nota na kuzicheza. Ni ya bure, na baada ya wenye Finale, programu ya kulipia ya kazi hiyo hiyo, kutangaza mwaka 2024 kwamba hawataiendeleza tena, sioni kwa nini mwalimu wa kwaya alipie programu nyingine. Kusakinisha na kuingiza nota mnajua.

Hatua ya 1: Alama ya kuanzia na ya kuishia

Weka p (sauti ndogo) pale kresendo inapoanza, na f (sauti kubwa) kwenye nota inapofikia. Usiache mwisho wazi. Ukiuacha, programu itakisia na kupanda ngazi moja tu, ambayo kwenye spika ya simu haisikiki. Kwenye toleo la 3 namba zilikuwa wazi: p ni 49, mf (kubwa kiasi) ni 80, f ni 96, kwenye kipimo cha MIDI, yaani namba za nguvu ya nota kwenye kompyuta, kinachoishia 127. Kutoka p hadi f ni safari ndefu, sikio linaipata.

Hatua ya 2: Chora kabari (alama ya kresendo inayopanuka)

Bofya nota ya kwanza, shika Shift, bofya ya mwisho, kisha bonyeza <. Ya kushusha ni >.

Usiandike "cresc." kwa Ctrl+T. Hayo ni maandishi matupu, programu haiyasomi. Ukitaka maneno badala ya kabari, yachukue kwenye paleti ya Dynamics, yale yenye mstari uliokatikakatika.

Hatua ya 3: Itoe kwaya kwenye piano

Hapa ndipo faili la Arua lilipokwama, na mafaili mengi ninayopokea yana ugonjwa huu huu. Mtu anafungua ukurasa wa piano kwa sababu una mistari ya juu na ya chini, anapanga soprano na alto juu, tena (tenor) na besi chini. Kwa kuchapa ni sawa. Kwa kusikiliza ni balaa.

Piano ikishagongwa, sauti yake inafifia tu, hata iwe ya kwenye kompyuta. Nguvu ya nota huamuliwa inapogongwa. Kwenye "Aleluya" yetu, silabi ya "lu" ilishikwa mapigo manne na kabari iko chini yake, lakini piano haina namna ya kukuza nota iliyokwisha kulia. Sauti za kwaya, fidla na tarumbeta zinaweza, kwa sababu programu huendelea kuzipandisha katikati ya nota.

Kwa hiyo bonyeza F7, ongeza Soprano, Alto, Tenor na Bass, kila moja na mistari yake. Nakili mistari ya juu ya piano uibandike kwa soprano na kwa alto pia, kisha kila upande ufute nota zisizo zake. Fanya vivyo hivyo kwa tena na besi, halafu futa piano. Ni kazi ya kuchosha, na huku kwetu umeme una tabia zake, kwa hiyo Ctrl+S kila mara.

Angalieni sasa: mkishatenganisha, alama za soprano ni za soprano peke yake. Mstari usio na alama huchezwa mf. Yule mwalimu alifurahi soprano ilipoanza kwa p, kisha akauliza kwa nini besi inanguruma. Nakili alama na kabari kwenye sauti zote nne.

Muse Sounds, sauti za ziada za kupakua, ina kwaya nzuri zaidi, lakini inakula gigabaiti nyingi. Kama unategemea bando, sauti za kawaida zinatosha kabisa kufundishia.

Hatua ya 4: Vunja kresendo ndefu

Kabari ya baa (vipimo vya wimbo) nne hupanda sawasawa kama lifti. Waimbaji hawaimbi hivyo. Hujizuia, kisha huachia mwishoni. Mimi huikata: p hadi mp (ndogo kiasi) kwa baa tatu, mp hadi f kwa baa ya mwisho. Ndiyo maana nina mafaili mawili ya kila wimbo, la karatasi na la sauti. La sauti halichapwi, naweza kulichafua nitakavyo.

Nota ya mwisho wa wimbo ikiwa na dekresendo (sauti kupungua taratibu), haina nota ya mbele ya kubeba pp (ndogo sana). Igawe nota hiyo mara mbili, ziunganishe kwa tai (upinde wa kuzifanya ziwe nota moja), pp iende kwenye ya pili.

Hatua ya 5: Toa MP3

Fungua mixa, pa kurekebisha ukubwa wa kila sauti, kwa F10, pandisha sauti moja na kushusha nyingine tatu kidogo, usizizime. Toa MP3, rudia kwa kila sauti. Mwanakwaya wa alto anahitaji kujisikia akiwa katikati ya wenzake.