Jinsi ya Kutembelea Bandari za Tropiki Ukiwa Kazini Melini

Ninaandika nikiwa Nairobi, likizoni baada ya kandarasi yangu ya tatu katika jiko la meli ya watalii. Vijana wa hapa wanaojiandaa kwenda baharini huniuliza kama kweli mfanyakazi wa meli hupata nafasi ya kuziona nchi anazopitia. Hupata, lakini mara nyingi nafasi yenyewe ni ya muda wa saa tatu hivi kati ya zamu ya asubuhi na ya jioni, na anayeshuka bila mpango huimalizia kwenye maduka ya gatini.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba uko huru. Tazama ratiba siku moja kabla. Kila siku ya bandari kuna kundi linalobaki melini, kwa sababu lazima wawepo watu wa kutosha kukabiliana na moto au dharura nyingine, na mazoezi ya dharura nayo hupangwa mara nyingi wakati abiria wameshuka. Jina lako likiwa humo, badilishana na mwenzako kwa idhini ya msimamizi. Usisahau usingizi pia: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unataka angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na kipindi kimojawapo kisipungue saa 6. Nimewahi kuziacha bandari nzuri ili nilale, na sikujuta.

Hatua ya 2: Shika saa ya meli, wala si ya simu. Hapa ndipo wengi huponzeka, nami niliponzeka Cozumel, Mexico. Kisiwa hicho hakibadilishi saa, ilhali Miami, Marekani, huisogeza mbele wakati wa kiangazi, kwa hiyo meli iliyobaki na saa ya Miami huwa mbele ya kisiwa kwa saa nzima. Nilikuwa nimekaa nakula, simu ikionyesha 14:10, mwenzangu alipoitazama saa yake ya mkononi akanyamaza ghafla. Ilikuwa 15:10, na wafanyakazi tulitakiwa kuwa ndani kufikia 15:30. Tulifika zikiwa zimebaki dakika nne. Tangu siku hiyo navaa saa ya akrabu niliyoinunua Luthuli Avenue, na kila asubuhi nailinganisha na ile ya ukutani katika chumba cha kulia cha wafanyakazi. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna tahadhari moja zaidi: muda wa kurudi uandike kwa tarakimu, kwa kuwa ukimwambia mwenzako wa taifa jingine “saa tisa”, yeye ataelewa 9:00 asubuhi, si 15:00.

Hatua ya 3: Hesabu ukianzia mwisho. Zamu yako ikianza 16:30, toa dakika 40 za kuoga na kuvaa sare, toa 20 za foleni ya ukaguzi, toa 30 za akiba. Basi uwe umefika lango la bandari saa 15:00. Mahali ambapo meli hutia nanga na watu kuvushwa kwa mashua, kama George Town katika visiwa vya Cayman, abiria hutangulizwa, kwa hiyo mimi huongeza saa nzima ya akiba.

Hatua ya 4: Chagua mahali pamoja tu. Nassau, Bahamas, panda kwa miguu hadi Queen's Staircase, ngazi ambazo watumwa walizichonga katika jiwe la chokaa mwishoni mwa karne ya 18. Simama pale chini kwenye kivuli kabla ya kupanda, uzione alama za kazi yao ukutani. Victoria, Ushelisheli, soko la mji linafikika kwa miguu. Bridgetown, Barbados, nenda ufuo wa Carlisle Bay. Mtu wa Nairobi hatapotea huko, kwani magari madogo ya abiria yanayoitwa ZR, pamoja na muziki wake na haraka yake, ni matatu kabisa.

Hatua ya 5: Beba vichache. Kadi ya meli, nakala ya pasipoti, maji, kofia na noti ndogondogo za dola ya Marekani, ambazo hupokelewa Bahamas na Barbados. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na aliyezoea baridi yake ya Julai hushangazwa na joto la gatini; kunywa maji kabla hujaona kiu.

Hatua ya 6: Andika dakika zako. Meli nyingi huzunguka njia ileile, na baada ya wiki moja au mbili unarudi bandari ileile. Katika daftari langu dogo naandika muda wa kutembea kutoka langoni, nauli niliyolipa na njia nisiyoimaliza, ili safari inayofuata ianzie pale nilipoishia. Bridgetown, mara ya kwanza nilijua njia ya ufuoni tu. Mara ya nne, mama mmoja anayekaanga samaki karibu na kituo cha magari alikuwa ameniwekea kipande kabla sijafika.