Jinzi za matobo: namna ya kuzitunza tobo lisije likageuka dirisha

Jinzi ya matobo unainunua ikiwa imeshachanika, sasa wengi wanaona basi hapo hamna cha kutunza, si imeshaharibika tayari bana, kumbe ndo inataka uangalizi kuliko ile nzima. Unaichukua ina katobo kadogo ka kistaarabu pale gotini, ukija kustuka goti lote liko nje na watu wanakupa pole wakidhani umeanguka na pikipiki. Tobo halikui lenyewe, kuna vitu vinalikuza, na cha kwanza kabisa ni mguu wako mwenyewe wakati unavaa, hata kufua kunakuja nyuma yake.

Tuanze na kitambaa, maana ukikielewa hiki mengine yote yananyooka. Denimu inafumwa kwa nyuzi za aina mbili, kuna za bluu zinazoshuka toka kiunoni kwenda chini na kuna nyeupe zinazokatiza toka upande huu wa mguu kwenda upande ule, za bluu zinajitokeza zaidi kwa nje ndo maana jinzi ukiigeuza ndani unaona weupeweupe. Wanapotengeneza tobo wanazikata au wanazisugua zile za bluu mpaka zinaisha, zinabaki nyeupe zimekatiza peke yake pale kwenye uwazi. Watu wanaziona ni urembo tu. Ukweli ni kwamba ndo zinashikilia upande wa kulia na wa kushoto visiachane, zikikatika hizo tobo halina kitu kinacholizuia. Na kwenye jinzi za kuvutika, zile za kubana, lastiki mara nyingi inakuwa imo humohumo kwenye hizo nyuzi nyeupe, kwahiyo chochote kinachoua lastiki kinalegeza tobo pia.

Haya, kuvaa. Ule mtindo wa kusimama na mguu mmoja unasukuma mguu wa pili kwa haraka, kidole gumba kinaingia kwenye tobo, unasikia "traa", imeisha hiyo. Kaa chini, ukusanye mguu wa suruali wote mkononi mpaka ushike pindo la chini, ingiza mguu hapo vidole vikiwa vimenyooka alafu pandisha taratibu ukipitisha kwanza sehemu ya tobo. Soksi inasaidia sana maana mguu unateleza na kucha hazinasi. Kuvua ni hivohivo, usikanyage pindo ukavuta mguu juu. Na ukitaka kuchuchumaa au kupiga magoti ivute kidogo juu kwenye mapaja kwanza ili gotini pabaki na ulegevu, vinginevyo uzito wako wote unaishia kwenye zile nyuzi chache nyeupe. Hapa pia niseme kitu watu hawapendi kusikia, jinzi ya matobo usichukue inayokubana mpaka tobo linakaa wazi hata ukiwa umesimama tu, hiyo haikai hata uitunze vipi.

Sasa kazi yenyewe, na mi naona ifanyike jinzi ikiwa bado mpya, usisubiri tobo lianze kutambaa. Tobo linachanikia kwenye zile kona zake mbili za pembeni, pale uwazi unapoishia, ndo panapovutwa zaidi. Ni akili ileile ya zile ribiti za shaba, vile vidude vya mviringo vilivyogongelewa kwenye kona za mifuko, fundi cherehani Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1873, na sababu ilikuwa hiyohiyo, kona ndo zilikuwa zinaachia. Kwahiyo kila kona piga mshono mfupi mnene wa kwenda na kurudi, kama sentimita moja hivi, uzi wa poliesta wa rangi inayoendana na jinzi. Kama unatumia cherehani weka sindano nene, namba 90 au 100, nyembamba inavunjika au inaruka mishono. Alafu zungusha zigizaga, ule mshono wa kwenda kulia na kushoto, kufuata ukingo wa tobo, nusu sentimita toka kwenye ukingo, ili kufumuka kukifika hapo kugome. Kwa mkono inawezekana vizuri tu, tena gotini mkono unafika kirahisi kuliko cherehani, ila ingiza kipande cha boksi ndani ya mguu wa suruali kabla hujaanza, la sivyo utashona mbele na nyuma vikashikana uje ufumue upya. Na usikaze uzi, ukikaza kitambaa kinakunjamana na kinaanza kuchanika pembeni ya mshono.

Ukitaka iende mbali zaidi weka kiraka kwa ndani. Chagua kitambaa chepesi cha pamba, kifue kwanza kinywee, kisije kikanywea kikiwa kimeshashonwa kikavuta jinzi, kikate kizidi tobo sentimita 2 au 3 kila upande na kona zake uzifanye za mviringo maana kona kali ndo zinaanza kubanduka. Kama jinzi ni ya kuvutika basi na kiraka kiwe cha kuvutika, ukiweka kigumu kinashindana na suruali kila ukikunja goti na lazima mmoja ashindwe. Shona pembeni tu, zile nyuzi nyeupe za mbele ziache huru zionekane. Kitambaa cheusi nyuma ya tobo kinapendeza, na pia kinasaidia kwa wale ambao hawataki ngozi ionekane. Kuna viraka vya kubandika kwa pasi, vinafaa ila vina usumbufu kwenye tobo lililo wazi, gundi inatokeza mbele inashika pasi, kwahiyo kata kipande kingine cha kitambaa saizi ya tobo ufunike ile gundi kabla hujapiga pasi, na bado ushonee pembeni maana gundi peke yake inaachia baada ya kufuliwa mara kadhaa.

Kufua. Usifue kila ukivaa, jinzi haihitaji hivo. Doa dogo lifute na kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, harufu ya kawaida itundike sehemu yenye hewa usiku mmoja. Ile habari ya kuweka jinzi kwenye friza eti inaua bakteria achana nayo, baridi inawalaza tu wengi wao, ukivaa wanapata joto la mwili wanaamka. Ikishachafuka kweli fua, kukaa na jasho na mchanga nako kunasaga nyuzi.

Funga zipu na vifungo, igeuze ndani nje, iweke kwenye mfuko wa wavu wa kufulia, na kama huna tumia foronya uifunge mdomo. Maji baridi au nyuzi joto 30, mzunguko wa taratibu, kukamua kwa kasi ndogo. Usichanganye na sidiria zenye vikulabu wala majaketi yenye zipu kubwa, kikulabu kimoja kikiingia kwenye nyuzi nyeupe mashine inazungusha mpaka inazing'oa zote, sijui kama kuna kitu kinaua jinzi hizi haraka kuliko hicho. Kwa mkono ni salama zaidi, loweka dakika 15 hadi 20 kwenye maji ya sabuni, bonyezabonyeza, sehemu za tobo usisugue wala usipitishe brashi. Usiloweke usiku kucha, rangi ya indigo inakaa juujuu kwenye uzi na inachuja, zile nyuzi nyeupe zinainywa na unabaki na tobo la bluu chafu. Siki na chumvi wanazosema zinakamata rangi hazifanyi hivo kwa indigo, kinachosaidia ni maji baridi, muda mfupi na kuifua peke yake zile mara za mwanzo. Dawa za klorini za kung'arishia nguo usiziguse kabisa, zinakula pamba na lastiki yote, na uzi mweupe uliobaki peke yake ndo unaisha wa kwanza. Kilainishi cha nguo pia ruka kama jinzi ina lastiki.

Wakati wa kuitoa majini iinue kwa mikono miwili ukiikusanya yote, denimu iliyolowa ni nzito, ukiishika mguu mmoja ukavuta uzito wote unaning'inia kwenye tobo. Usiisokote. Iviringishe ndani ya taulo ukandamize, maji yanatoka ya kutosha. Anika ikiwa bado imegeuzwa, kivulini, vibanio viwe kwenye mkanda wa kiuno na sio gotini, na usiikunje katikati juu ya kamba maana kamba inatua palepale kwenye tobo. Mashine ya kukaushia inaua lastiki kwa joto, kama huna jinsi weka joto la chini uitoe ikiwa na unyevu kidogo. Pasi kwa upande wa ndani, ukibonyeza na kuinua badala ya kuburuza, ncha ya pasi inapenda sana kunasa nyuzi.

Uzi ukining'inia usiuvute hata kama unakukera. Kata na mkasi, acha kama sentimita moja. Ukivuta mmoja unakuja na wenzake.

Na zile nyeupe zikikatika? Zinarudishika. Chukua uzi mweupe mnene wa pamba, anzia ndani kwenye kitambaa kizima kando ya tobo, katiza mpaka upande wa pili, ingia kwenye kitambaa kama nusu sentimita, rudi, hivohivo mistari kadhaa iliyoachana kidogo, jinzi ikiwa imelala bapa mezani na uzi ukiwa na ulegevu. Ukiosha mara mbili tatu huwezi kujua ipi ni ya kiwandani. Ila hii ni ya gotini na mapajani kwa mbele, tobo likitokea katikati ya mapaja karibu na msamba pale hamna urembo, tia kiraka siku hiyohiyo, kila hatua panasuguana.

Ikifika mahali goti lote limeondoka na hamna kitambaa cha kushonea, kata uvae kaptula. Vaa kwanza, weka alama ukiwa umesimama alafu na ukiwa umekaa, kata chini ya alama kwa sentimita 3 au 4 maana ukikaa inapanda na pindo litafumuka kidogo, kisha piga mstari mmoja wa cherehani kuzunguka sentimita 2 juu ya ulipokata. Nyuzi zitafumuka mpaka hapo kwenye mshono, zikifika zinasimama.