Kabla Jina Lako Halijaandikwa Kwenye Orodha ya Ruzuku

Kila inaposikika hapa Bukavu, mashariki mwa Congo, kwamba wakulima wadogo na wavuvi wa Ziwa Kivu watalipwa ruzuku ya serikali, watu hukimbilia kuandikishwa mikono mitupu, na wengi wao hukosa. Matayarisho yafanywe mapema. Mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, atumie siku za mwezi mpevu, wakati taa hazivuti samaki na mitumbwi imelala ufukweni.

Anza na shamba. Sheria ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, lakini wengi wetu wa Kabare na Kalehe tunalima kwa kalinzi, yaani haki ya kudumu ya shamba inayotolewa na chifu kwa mila, au kwa bwasa, yaani shamba la kukodi kwa msimu. Mwenye kalinzi aombe barua ya chifu inayotaja mipaka na majirani. Mwenye bwasa aandikiane na mwenye shamba mbele ya mashahidi, na maandishi hayo yaseme wazi ni nani atakayepokea ruzuku, kwa maana fedha zikifika kila mmoja hudai kwamba ni zake.

Mvuvi awe na kibali cha mwaka huo. Wavu wa chandarua auache.

Wanaoomba kama ushirika wajihesabu kwanza: tangu Congo ilipojiunga na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, ushirika wa kawaida unahitaji wanachama wasiopungua 5, na ule wenye baraza la uongozi wasiopungua 15.

Sasa jina. Nilikuwa katibu wa kikundi cha wavuvi na wauza samaki, na orodha iliyopelekwa kwa walipaji niliiandika mimi kwa mkono wangu. Kadi zetu za uchaguzi, tunazozitumia kama kitambulisho, hubeba jina la kwanza la asili, jina la pili, ambalo wengi tumelizoea tangu Rais Mobutu alipoyakataza majina ya Kikristo mwaka 1972, kisha jina la ubatizo. Shangazi yangu, mjane anayeanika sambaza, nilimwandika kama tunavyomwita nyumbani, yaani jina la ubatizo na la marehemu mumewe. Namba ya simu aliyonipa ya kupokelea malipo ilisajiliwa kwa mwanawe aliyekuwa machimboni. Siku ya malipo jina la orodha halikulingana na la kadi, la kadi halikulingana na la simu, na fedha zikarudi zilikotoka. Naye alikuwa amekwisha kukopa banki lamberi, yaani kwa wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, akitegemea malipo hayo. Alikuja kwangu akaniuliza, "Mtoto wangu, basi mimi ni nani?" Nilikosa jibu.

Kwa hiyo nakili jina kutoka kwenye kadi herufi kwa herufi, umsomee mwenyewe kwa sauti, hasa asiyejua kusoma. Laini ya simu isajiliwe kwa jina hilohilo, kwa mpokeaji mwenyewe. Kadi nyingi zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa 2023 zilififia wino. Piga fotokopi herufi zingali zinasomeka, na zikianza kupotea omba kadi nyingine bila kungoja tangazo.

Usimpe mtu faranga ili akuingize kwenye orodha. Namba ya siri ya simu usimwambie yeyote, hata anayejiita wakala. Usikope kwa ahadi. Siku ya kupokea nenda na mwenzako, usihesabu noti sokoni, na kama unarudi kisiwani Idjwi kwa mtumbwi, ondoka asubuhi na uvae jaketi la kuokolea.